Kufunga vikanyagio vya mninga juu ya ngazi za zege bila skrubu kuonekana

Nyumba nyingi za ghorofa zinazojengwa Tabora hupandwa kwa ngazi za zege, na mwenye nyumba akitaka ngazi hizo zivikwe mbao, mti unaotajwa kwanza ni mninga, ambao humea katika misitu ya miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge na umekuwa mti wa samani katika mkoa huu tangu zamani. Kazi hiyo mara nyingi humalizwa kwa skrubu zinazopigwa kutoka juu na kufunikwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Baada ya misimu michache ya jua na mvua, unga huo hupasuka na kuacha madoa meusi yaliyojipanga kwenye kila hatua. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo inaacha uso wa ubao ukiwa safi na kumfanya mtu anayepanda aone mti peke yake.

Ngazi ina sehemu mbili za kuzingatia. Kikanyagio ni ubao wa kulala unaopokea mguu, na kisimamo ni ubao uliosimama kati ya kikanyagio kimoja na kinachofuata. Katika njia hii kikanyagio hushikwa mahali patatu. Mbele kinakaa juu ya ulimi uliochongwa kwenye ncha ya kisimamo kilicho chini yake, katikati kinashikwa na gundi inayonyumbuka, na nyuma kinafungwa kwa skrubu zilizo karibu sana na ukingo wake, kiasi kwamba kisimamo kinachofuata kikiwekwa kinazifunika zote. Kwa sababu hiyo kazi lazima ianzie hatua ya chini kabisa na kupanda juu, na kila kipande kinachowekwa kinafunga mlango wa kurekebisha kile kilichotangulia. Fundi asiyekuwa na uhakika wa vipimo vyake asifungue gundi.

Hesabu ya kimo kabla ya kununua mbao

Jambo linaloharibu ngazi nyingi za mbao halihusiani na mbao. Mguu wa binadamu huzoea kimo cha hatua mbili za kwanza na kuzitarajia nyingine ziwe hivyo hivyo, kwa hiyo hatua moja inayozidi au kupungua kwa sentimita mbili inatosha kumwangusha mtu mzima anayeshuka akiwa na ndoo ya maji. Lenga tofauti isiyozidi milimita 5 kati ya hatua yoyote na nyingine.

Tuchukue nyumba ambayo kutoka sakafu iliyokamilika ya chini hadi sakafu iliyokamilika ya juu ni milimita 3,000. Tukigawa kwa visimamo 18 tunapata kimo cha takriban milimita 167 kwa kila hatua. Kina cha kukanyagia kikiwa milimita 270, ukijumlisha kimo mara mbili na kina hicho unapata 604, kiasi kinacholingana na mwendo wa kawaida wa mtu, ambao wajenzi huuweka kati ya 600 na 640. Mpaka hapo ngazi ni nzuri. Sasa tuseme juu ya kila hatua ya zege tunaweka plaiwudi ya milimita 18 na kikanyagio cha milimita 30, yaani unene wa milimita 48. Ikiwa sakafu za chini na juu zimepandishwa kwa vigae na mota yake kwa milimita 30 tu, hatua ya kwanza itakuwa na kimo cha 167 jumlisha 48 toa 30, yaani 185, na ya mwisho itabaki na 149. Hatua 16 za katikati zitakuwa sawasawa, na mbili za pembeni zitakuwa mitego.

Dawa yake ni kuhakikisha kwamba unene unaoongezwa kwenye sakafu zote mbili unalingana na ule unaoongezwa kwenye hatua. Kama vigae havijawekwa, mwambie fundi wa vigae apandishe mota mpaka jumla ifike milimita 48. Kama vigae vimekwisha kuwekwa, itabidi upunguze unene wa ngazi kwa kuacha plaiwudi, kusawazisha zege kwa mota nyembamba na kutumia vikanyagio vya milimita 25 vinavyobandikwa moja kwa moja. Hapo skrubu za nyuma hazitawezekana, kwa kuwa keekee ya kutoboa zege haiingii wima kwenye kona ya hatua, na ushikaji wote utategemea gundi na ulimi wa mbele. Inafaa, lakini ni pungufu, na kwa nyumba ambayo bado iko kwenye msingi hakuna sababu ya kuikubali. Zungumza na mjenzi kabla hajasuka nondo za ngazi.

Kuchagua na kukausha mbao

Mninga unapendwa na maseremala kwa sababu ukishakauka hutulia, na hautanuki wala kusinyaa sana hewa inapobadilika. Sifa hiyo ni muhimu Tabora, ambako kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu, kisha mvua za Novemba hadi Aprili hurudisha unyevu katika kila kitu. Mkongo nao hutulia vizuri na ni mzito na mgumu kuliko mninga, hivyo unafaa pale ngazi inapopitwa na watu wengi, ila unachosha meno ya msumeno. Msaji wa mashamba ya Kilombero au Longuza unafaa pia, mradi uso unaobandikwa ufutwe mafuta yake ya asili kwa thina muda mfupi kabla ya kupakwa gundi. Mtundu una bei nafuu lakini hupenda kujikunja, nami siushauri kwa kazi ambayo skrubu zake haziwezi kukazwa tena.

Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na anayeweza kuonyesha kwamba mzigo ulitoka msituni kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga umevunwa kupita kiasi katika maeneo mengi, na ubao usio na hati unaweza kukamatwa njiani pamoja na gari lililoubeba. Chagua mbao zenye kiini chekundu au cha kahawia pekee. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, hata kama ni ya upana wa kidole, ikatwe yote, kwa sababu kiini cha mninga hustahimili mchwa na bungua ilhali weupe wake huliwa kama mti mwingine wowote, na ubao uliobunguliwa kwa ndani huonekana mzima mpaka siku unapobonyea.

Kukausha ndiko kunakohitaji subira zaidi. Panga mbao kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa kutoka ardhini, ukitenganisha kila tabaka kwa vijiti vya unene wa milimita 25 vilivyowekwa kwenye mistari iliyonyooka kutoka chini hadi juu, kwa maana kijiti kilichohama mstari hupinda ubao ulio juu yake. Paka ncha za mbao rangi nzito ili zisipasuke. Mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, hesabu ambayo ni ya kukadiria tu. Lililo la uhakika ni kipimo, na kipimo hicho hakihitaji mashine ya bei kubwa. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, ukiweke kwenye oveni ya joto la nyuzi 100 hivi na kukipima kila baada ya saa chache mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito wa mwisho kutoka ule wa mwanzo, gawanya kwa uzito wa mwisho, kisha zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 224 na kuishia gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Kwa ngazi ya ndani ya nyumba mkoani Tabora, kiwango cha kati ya asilimia 10 na 12 kinafaa. Baada ya hapo mbao zihamie ndani ya nyumba yenyewe, madirisha yakiwa yamekwisha kufungwa, zikae wiki mbili au tatu kabla ya kupigwa randa ya mwisho.

Kuandaa zege

Zege hupata nguvu yake iliyokusudiwa kwa kawaida ndani ya siku 28, lakini kuwa na nguvu si kuwa kavu. Bandika kipande cha nailoni chenye urefu wa nusu mita na upana unaotosha kina cha hatua juu ya hatua mbili au tatu, ukizibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache siku nzima. Ukikuta matone ya maji chini yake au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi, subiri.

Likikauka, gonga kila hatua kwa nyundo ndogo ili kutambua mahali palipo na tupu, vunja palipolegea na uzibe kwa mota, pamoja na kila ufa, kwa sababu ufa wa zege ndio njia ya mchwa. Safisha vumbi lote. Kisha kata plaiwudi isiyodhuriwa na maji ya milimita 18, iwe na kina cha hatua ya zege toa milimita 3, na uilaze huku ukiipima kwa pimamaji kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka nyuma kwenda mbele. Hatua isiyokaa sawa isawazishwe kwa mota nyembamba chini ya plaiwudi. Kuiegemeza kwenye vipande vya mbao hapa na pale hakufai, kwani tupu inayobaki chini ndiyo itakayolia kila mtu akipita. Toboa matundu sita kwa kila hatua kwa ncha ya milimita 8, kina cha milimita 50 ndani ya zege, yasiwe karibu na ukingo wa mbele kuliko milimita 60 maana zege la ukingoni hukatika, puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, ingiza fisha, yaani kishikio cha plastiki cha skrubu, na ukaze skrubu za milimita 60 mpaka vichwa vizame. Ukimaliza hatua zote, pima tena kimo cha kila moja na ukiandike kwa penseli juu ya plaiwudi.

Kutengeneza vikanyagio na visimamo

Upana wa kikanyagio hauchukuliwi kwa kukisia. Katika mfano wetu, hatua ya zege ina kina cha milimita 270, unatoa 3 za pengo la nyuma, unajumlisha 23 za kisimamo kilicho chini pamoja na gundi yake, na 25 za ukingo unaochomoza mbele. Jumla ni milimita 315. Ubao mmoja wa upana huo ni nadra na hujikunja, kwa hiyo unganisha mbao tatu kwa gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, ukigeuza mistari ya pete za mti ili ubao mmoja utazame juu na wa jirani utazame chini. Kaza klampu mpaka gundi itokeze kidogo mstari mzima, uache hadi kesho yake, ndipo upige randa kufikia milimita 30. Ngazi ya visimamo 18 inahitaji vikanyagio 17, na juu kabisa kipande chembamba cha ukingo kitakacholala sawa na vigae vya ghorofa. Tengeneza kimoja cha ziada kutoka mbao zile zile.

Kuta za lipu hazinyooki, na hatua mbili zinazofuatana zinaweza kupishana urefu kwa sentimita nzima. Tengeneza kiolezo cha vipande viwili vya hadibodi vilivyofungwa kwa skrubu kwenye ncha za fito, ambavyo vinaweza kuzunguka na kukazwa. Kilaze juu ya hatua, sogeza kila kipande kifuate pembe ya ukuta wake, kaza, kisha hamishia kwenye ubao. Acha milimita 2 hadi 3 kila upande, utakazozifunika kwa sketi, yaani ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Andika namba ya hatua nyuma ya kila kikanyagio.

Visimamo vinatoka kwenye mbao za milimita 20. Kimo chake ni kimo cha hatua, 167, toa unene wa kikanyagio, 30, jumlisha ulimi wa milimita 8, yaani 145. Chonga ulimi huo kwenye ukingo wa juu, katikati ya unene, uwe na milimita 8 kwa 8, kwa ruta (mashine ya kuchonga mifuo) au kwa msumeno wa meza. Kwenye uso wa chini wa kikanyagio chonga mfuo wa upana wa milimita 8 na nusu na kina cha 9, unaoanzia milimita 31 kutoka ukingo wa mbele. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, punguza, kwa kuwa gundi itauvimbisha zaidi.

Piga msasa namba 80, 120, kisha 180, ukifuata nyuzi za mti. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima hata kwa anayepita tu karakanani. Ufanye ukingo wa mbele uwe wa mviringo kidogo ili usiumize wala kupasuka. Milimita 30 na 45 kutoka ukingo huo, juu ya kikanyagio, chonga mifuo miwili ya upana wa milimita 3 na kina cha 2, ambayo itausaidia mguu usiteleze. Halafu paka vanishi ya poliyurethani isiyong'aa pande zote, pamoja na chini na kwenye ncha, ukiziba kwa utepe ile mistari ambapo gundi itapita. Ubao uliopakwa juu tu hunywa unyevu kwa chini na kujikunja mithili ya sahani. Nta ya nyuki, ambayo Tabora hupatikana kwa wingi na kwa ubora, inapendeza sana kwenye mikono ya ngazi, lakini isipakwe kamwe kwenye vikanyagio, kwani hugeuka utelezi.

Kufunga

Panga kila kitu kikavu kwanza, hatua tatu za chini, bila gundi. Kama zinakaa, endelea.

Kisimamo cha kwanza kinasimama juu ya sakafu iliyokamilika. Paka nyuma yake mistari ya wima ya gundi ya ujenzi inayonyumbuka, kila baada ya sentimita 20, kibandike kwenye uso wa zege na ukiweke wima kwa pimamaji, ukitia kabari nyembamba nyuma pale zege lilipoingia ndani. Mabega yaliyo kando ya ulimi lazima yawe sawa kabisa na uso wa plaiwudi, jambo unaloweza kulihakikisha kwa kulaza rula ya chuma juu ya vyote viwili. Kishikize kwa fito zilizoegemezwa mpaka gundi ishike.

Sasa paka plaiwudi mistari ya gundi hiyo hiyo kutoka mbele kwenda nyuma, ukisimamisha kila mstari sentimita 3 kabla ya ukingo wa nyuma ili isitokeze kwenye skrubu, na tone jembamba la gundi ya mbao ndani ya mfuo. Shusha kikanyagio, ulimi uingie, kisha ukisukume chini kwa uzito wa mwili. Nyuma yake toboa matundu manne, ya kwanza na ya mwisho yakiwa sentimita 10 kutoka ncha, yote milimita 10 kutoka ukingo wa nyuma. Tundu la ndani ya kikanyagio liwe na upana wa milimita 5 na nusu ili skrubu ipite bila kung'ata, na lile la kwenye plaiwudi liwe la milimita 3. Panua mdomo wa tundu ili kichwa kizame. Kwa kuwa kikanyagio na plaiwudi vina jumla ya milimita 48, skrubu ya milimita 45 yenye unene wa milimita 5 ndiyo sahihi, maana iliyo ndefu zaidi itagonga zege na kuinua ubao badala ya kuubana. Malizia kwa bisibisi ya mkono. Mkono husikia mti unapoanza kukaza, lakini mashine hukata nyuzi kabla fundi hajatambua.

Gonga kikanyagio kwa kifundo cha kidole mahali pengi. Sauti ikiwa ya tupu, kinyanyue wakati huo huo na uongeze gundi. Kisha simamisha kisimamo cha pili juu ya ukingo wa nyuma, vichwa vyote vinne vikipotea chini yake, na urudie. Ili watu wa nyumbani waendelee kupita, funga hatua nne au tano kwa siku na uweke ubao wa kuvukia juu ya hatua ambazo gundi yake bado ni mbichi kwa saa 24, au zaidi kama maelezo ya kopo la gundi yanavyotaka.

Msimu nao uangaliwe. Ukifunga mwezi wa Septemba, mbao zimesinyaa, kwa hiyo pengo la milimita 3 la nyuma ya kikanyagio lisipunguzwe kwani mvua zitazitanua. Ukifunga Februari, zimejaa, na pengo dogo zaidi linatosha.

Ngazi isiyo ya zege

Kama ngazi ni ya fremu ya chuma au ya mbao na upande wa chini uko wazi, kazi ni nyepesi. Mwelekeze fundi wa kuchomelea aweke vyuma vya pembe chini ya kila hatua, vyenye matundu yaliyorefushwa kuelekea nyuma na mbele, skrubu zipigwe kutoka chini zikiwa na washa pana, yaani ringi bapa za chuma. Tundu lililorefushwa huuachia ubao kusogea milimita moja au mbili bila kupasuka. Ncha ya keekee ifungiwe utepe kama alama ya kina, ibaki angalau milimita 7 ya mti juu ya kila tundu.

Matengenezo

Ikitokea kikanyagio kimoja kimepasuka, ondoa kisimamo kilicho juu yake kwa kukata ulimi wake kwa msumeno mwembamba na gundi ya nyuma yake kwa waya mwembamba wa chuma unaovutwa huku na huku, fungua skrubu nne, kisha kata gundi ya kikanyagio kwa waya huo huo ukianzia nyuma. Kile cha ziada, kilichohifadhiwa ndani ya nyumba ile ile kikiwa kimelazwa bapa, kitachukua nafasi yake baada ya kukatwa kwa kiolezo.